Mizinga ya Wapasua Mbao

Kwetu, ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, pale nchi inapokatika ghafla na kuteremka kuelekea ziwani, kazi ya mbao ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mwanaume anapasua, mwanamke anabeba. Mume wangu alikuwa mtu wa juu. Alisimama juu ya gogo la mninga, mwenzake akiwa chini shimoni, msumeno mmoja mrefu kati yao, huyu avute, yule avute, na unga wote ukimwagikia wa chini. Ubao ukishatoka, wao walikaa kuvuta sigara. Sisi wanawake tuliuweka kichwani na kupanda nao mlima hadi barabara ya malori. Mwanaume aliyeonekana na ubao kichwani aliulizwa na wenzake kama na kunyonyesha ameanza.

Nilianza kubeba nikiwa mwali, nikabeba na mimba, nikabeba na mtoto mgongoni. Sisemi haya ili nihurumiwe. Kazi ilikuwa ngumu na mimi nilikuwa hodari nayo. Nyumba yetu ya bati ilipatikana kwa mlima ule ule, na nilipopita kijijini na ubao mrefu kichwani bila kuushika kwa mkono, watu walinipisha njia.

Basi serikali ikafunga msitu. Tuliambiwa kwenye mkutano wa kijiji, na aliyetuambia ni afisa mmoja kijana kutoka Sumbawanga mjini, aliyevaa koti zito kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba. Miti ya asili haikatwi tena, alisema. Atakayekutwa msituni na msumeno ataenda kujieleza mahakamani. Watu wakaguna, nami nikaguna nao, lakini ukweli ni kwamba wote tulikuwa tunaona. Mninga mnene tulikuwa tunaufuata mbali sana, na kijito kilichokuwa kikitunywesha kiangazi chote kilikuwa kimeanza kukauka mapema. Mtu anaweza kujua jambo na bado likamuuma.

Afisa akaendelea. Serikali haitawaacha hivi hivi, alisema. Wafanyakazi wa mbao waliopoteza kazi watapewa mizinga ya nyuki ya kisasa na mafunzo ya kuitunza, ili msitu uwalishe bila kukatwa. Wasimame waandikwe majina. Wapasuaji wakasimama. Nami nikasimama.

"Mama, wewe kaa kwanza," akasema kwa upole. "Tunaandika wafanyakazi."

Mkutano mzima ukacheka. Mume wangu naye akacheka, nilimwona kwa macho yangu. Nilikaa chini, lakini ndani ya roho yangu sikukaa. Jioni hiyo mume wangu alipika mwenyewe, kama anayejua amekosa.

Wiki iliyofuata nilichukua wenzangu wawili, tukapanda bodaboda mpaka barabara kuu na kutoka hapo basi mpaka mjini. Afisa alikuwa mezani kwake. Alisimama kutupokea, akatuamkia shikamoo, tukaitikia marahaba, akatupa viti. Ni kijana aliyelelewa vizuri, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumgombeza. Alinieleza kwamba mwongozo alionao unazungumzia watu wenye zana za kazi: msumeno, shoka, tindo. Sisi zana yetu ipi?

Nilikuwa nimeshajua nitakachofanya tangu kwenye basi. Nikafungua kitambaa, nikainamisha kichwa mbele yake.

Pale utosini kwangu nywele hazioti. Ngata ya khanga tunayotulizia mzigo, na uzito wa mbao, vilizimaliza zamani, na ngozi ya hapo ni ngumu kama kisigino. Mwanamke hamwonyeshi mtu kitu kama hicho, hata mume wangu ninamficha. Wenzangu nao wakafungua vitambaa. Dada mmoja aliyekuwa akichapa kwenye meza ya pili akaacha kuchapa.

"Zana yetu ndiyo hii, mwanangu," nikamwambia. "Ukitaka kuishika, ishike."

Hakuishika. Alivuta karatasi, akauliza kwa sauti ndogo, "Mko wangapi, mama?" Tukamtajia wote, hata bibi mmoja aliyeacha kubeba siku nyingi, kwa kuwa shingo yake haijanyooka mpaka leo.

Tulirudi tukiimba kwenye basi. Abiria walidhani tunatoka harusini.

Kikundi cha mizinga kikawa kimoja, wanaume na wanawake. Mafunzo yalifanyika kwenye jengo la kigango cha kanisa, kila mtu na soda yake. Tulifundishwa kuweka mizinga mbali na nyumba na karibu na maji, kuining'iniza kwa waya, na kuipaka nta kidogo kwa ndani ili nyuki wasikie harufu ya nyumbani. Mizinga yenyewe ilikuja kwa lori mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka uliofuata, tukiwa kwenye uvunaji wa ulezi. Sisi wanawake tuliiteremsha kichwani mpaka bondeni kwenye kijito, kisha tukarudi shambani. Kuitundika tuliwaachia wanaume, maana waya na nyundo ni vyao.

Sasa, mpasua mbao ni mtu wa aina yake. Ukimpa ubao, kabla hajakusikiliza unasema nini, ameshaugonga kwa kidole, ameunusa na ameutukana. Mizinga ile ilikuwa ya msonobari, mti laini wa kupandwa, na wanaume waliozeeka na mninga waliiangalia kama mtu anavyoangalia uji uliochujuka. "Mchwa watamaliza hii kabla nyuki hajajua njia," mume wangu akasema. Na dawa ya mchwa kwetu inajulikana. Ubao wowote wa mti laini unapakwa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini za malori. Basi wakaenda barabarani, wakaomba oili kwa madereva, wakaipaka mizinga ya serikali nje na ndani, mkono baada ya mkono, mpaka ikang'aa myeusi. Kwa bidii kweli. Halafu juu ya oili wakapaka nta, kama walivyofundishwa, wakaitundika, wakajipongeza.

Miti ikachanua. Msitu wetu unapokaribia mvua hutoa majani mapya mekundu na maua mengi, na nyuki huwa wanavuma mpaka unadhani kuna mashine mahali. Wakavuma juu ya mizinga yetu, wakavuma pembeni yake. Hawakuingia hata kwenye mmoja.

Wanaume walianza kufa moyo mmoja mmoja. Wengine walikwenda Kasesya kupakia mizigo mpakani. Mwenzake mume wangu, yule mtu wa chini, hakwenda popote, na huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Alikuwa anakuja asubuhi na mapema, anakaa na mume wangu kwenye benchi nje, wanaongea chini chini. Kulikuwa na mnunuzi aliyetaka mninga, asiyeuliza umetoka wapi. Kijiji cha jirani kilikuwa na mpasuaji mmoja aliyesikiliza maneno kama hayo, akakamatwa kwenye shimo lake, na sasa yuko gerezani. Mkewe nilikuwa namwona sokoni Sumbawanga akiuza dagaa wa Kirando, mtoto mmoja mgongoni na mwingine chini ya meza. Alikuwa mwanamke mcheshi sana zamani. Sikutaka kuwa yeye. Nasema wazi kwamba niliogopa, na hofu yangu mimi hutoka kama hasira.

"Ukienda huko," nikamwambia mume wangu, "usiniachie wosia. Nenda nao."

"Nitakaa hapa nile nini? Mizinga mitupu?"

Nikachukua jembe, nikaenda shambani.

Afisa alikuja mvua zilipoanza. Akaona mizinga mitupu, akatikisa kichwa. Alisema kijiji kingine kinaiomba, na wakubwa wake wamesema mizinga isiyokaliwa ihamishwe. Atarudi mvua zikiisha. Alisema hivyo akiwa amesimama mbali kidogo na mizinga, akifikicha pua, lakini alikuwa na mafua, nasi hatukufikiri lolote.

Ilinichukua siku moja ya kukaa peke yangu bondeni kujua. Nilikuwa nimekwenda kuteka maji, jua limetoka baada ya mvua, nikaketi kupumzika mbele ya mzinga. Nyuki mmoja akaja, akatua karibu na mlango, akarudi nyuma haraka kama mtu aliyefungua choo kisichofaa. Akaja mwingine, vile vile. Nikakumbuka kambi ya wapasuaji kule msituni. Nyuki walipotusumbua kwenye chai yenye sukari, tulikuwa tunafanya nini? Tulining'iniza tambara lenye oili chafu juu ya moto, nao wakaondoka. Kila mpasuaji kwenye msitu ule alijua hilo. Kila mmoja! Mume wangu ndiye aliyekuwa akilining'iniza.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka, halafu nikakasirika. Nikafungua mzinga mmoja kwenye waya, nikautia kichwani, nikapanda nao mpaka nyumbani, nikautua mbele ya mume wangu.

"Baba watoto, nusa."

"Ninuse nini?"

"Wewe nusa tu."

Akanusa. "Oili."

"Ungelala humo?"

"Mbao laini bila oili ni ugali wa mchwa, mama. Unajua hilo."

"Mchwa hawajaja, nakubali. Na nyuki je?"

Akausukuma mzinga kwa mguu. Nikamkumbusha lile tambara la kambini. Niliona limemwingia, maana masikio yake yalibadilika rangi, lakini mpasuaji na kiburi chake hawaachani kirahisi. Alisema oili imeshaingia ndani ya ubao, haitoki, jambo limeharibika, tuache. Akajifanya anatafuta kofia yake, akaondoka.

Ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge. Mimi nilivua kitambaa mbele ya wageni kwa ajili ya mizinga ile, nisingekubali ife kwa sababu ya kofia ya mtu. Kesho yake nikawaita wanawake wenzangu. Tuliiteremsha yote, tukaipandisha mpaka uani kwangu, tukang'oa misumari, tukaanza kukwangua mbao kwa vipande vya chupa na majivu. Kazi tulifanya, lakini uzuri haukuwepo. Tulikuwa tunachimba mifereji kwenye ubao, huku kingo zikichanika. Bibi yule wa shingo alikuwa anakwangua na kutukana oili kwa Kifipa, matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata kilabuni.

Mume wangu alirudi akatukuta. Akapita. Akarudi tena, akasimama.

"Mnaiharibu mbao," akasema.

"Mbao gani? Si ugali wa mchwa?"

"Unaikwangua kinyume cha nyuzi zake! Utaipasua! Lete hapa."

Nikaung'ang'ania ule ubao kidogo, makusudi. Akaninyang'anya. Aliingia ndani, akatoka na randa yake, akaegemeza ubao kwenye benchi na kuusukumia randa mara moja tu, kwa ule mwendo mrefu wa mabega ninaoupenda, na utepe mweusi ukatoka ukajikunja chini. Chini yake ubao ulikuwa mweupe. Aliuangalia, akapiga tena. Aliranda mpaka adhuhuri. Alasiri wapasuaji wengine wawili walikuwa uani na randa zao, na sisi tukarudi kwenye kazi tunayoijua, ya kuanika mbao juani na kumgombeza anayechelewa.

Tuliifanya kazi hiyo masika yote, kila jua lilipochungulia. Pale randa iliposhindwa kuifikia oili, ubao ulioshwa kwa majivu na maji ya moto, ukaanikwa, ukaoshwa tena. Mtu wa chini alikuwa anapita njiani na kutucheka. "Mnafua mbao sasa? Mtazipiga na pasi?" Mume wangu hakumjibu, lakini hakumfukuza pia, na benchi lao la asubuhi liliendelea. Hilo sikulisahau hata siku moja. Tulipomaliza, mzee mmoja wa kitongoji cha pili mwenye mizinga ya magome alitupa donge la nta halisi, tukapaka kwa ndani, na mimi mwenyewe nikasimama kuhakikisha hakuna mtu anayekaribia na kopo la oili.

Mizinga ikatundikwa tena bondeni, safi. Ila nyuki hawaji kwa sababu mtu ametubu. Msimu wa maua makubwa ulikuwa bado, na afisa akafika kabla yake.

Alikuja na gari aina ya pikapu, likaishia juu kwenye barabara ya malori kwa sababu njia ya bondeni haipitiki na gari. Akateremka kwa miguu, akafungua mzinga wa kwanza, wa pili, wa tatu. Harufu aliiona imekwisha. Tulimweleza yote, akacheka, akatusifu. Halafu akasema amri bado ni amri. Kijiji kile kingine kinasubiri, na dereva yuko juu. Akatugeukia sisi wanawake, kwa heshima kabisa.

"Mama zangu, naomba mnisaidie kuipandisha."

Hakukuwa na mtu aliyekuwa amepanga kitu. Wenzangu waliniangalia. Nilijua mizinga ikipanda mlima ule, asubuhi inayofuata mume wangu atashuka na msumeno.

"Hatubebi," nikasema.

"Mama..."

"Ngata zetu tumeziacha nyumbani, na hatuzifuati. Tumekubeba wewe na serikali yako kwa heshima mpaka hapa. Hii hatubebi."

Wanawake wakakaa chini kwenye nyasi, wote, bibi akiwa wa kwanza. Afisa akawageukia wanaume. Walikuwa wamesimama upande wa pili wa kijito, wakubwa, wenye mikono ya kuvunja nazi. Mtu mmoja akisema ndiyo, wengine wangefuata, na mzinga si mzito. Akamwangalia mume wangu, aliyekuwa mbele yao.

Mume wangu alikohoa. "Mimi, afisa, nimepasua mbao maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi kubeba hata moja. Sijui inabebwaje. Mfanyakazi anayejua kazi hiyo ni huyu mke wangu, na yeye amesema habebi."

Alitamka neno mfanyakazi mbele ya watu wote, na mbele ya wanaume aliocheka nao mkutanoni. Nikaangalia chini kwenye nyasi, maana nisingeangalia chini ningeaibika.

Afisa ni kijana, na kijana hushindana. Alivua koti, akanyanyua mzinga mmoja, akautia kichwani bila ngata, akaanza kupanda. Tulimwacha. Alifika kwenye jiwe la kwanza, mzinga ukamteleza sikioni, akaudaka, akaendelea kidogo, akautua. Akakaa juu yake akihema. Hatukumcheka, isipokuwa bibi. Nilimpelekea maji kwenye kibuyu. Alipomaliza kunywa akaniuliza, "Miti inachanua lini, mama?"

"Mvua zikikaribia."

"Basi nitasema njia haikupitika," akasema, na hilo halikuwa uongo. Mume wangu akaurudisha ule mzinga kwenye waya wake, akiwa ameukumbatia kifuani.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyopata kuishi. Sikuwa na la kufanya ila kwenda bondeni na kurudi, na kulima, na kusali rozari kwenye jumuiya nikiomba wadudu badala ya watoto. Majani mekundu yalipotoka, kundi la kwanza likaingia kwenye mzinga wa tatu kutoka kijitoni. Mume wangu ndiye aliyeliona. Alikuja mbio akashindwa kuongea, akanivuta tu kwa mkono, na tukasimama mbali tukiangalia nyuki wakiingia na kutoka kama watu wa gulio. Likaja kundi la pili. Mizinga mingine ilibaki mitupu, na mpaka leo kuna mmoja wasioutaka. Asali ya kuuza ilikuwa bado haipo, tulikuwa tunakula maharage yale yale.

Ndipo siku moja alfajiri mtu wa chini akaja, na safari hii hakukaa kwenye benchi. Mnunuzi amefika, alisema nje ya mlango, mninga umeshapatikana, umeshalala chini tayari, kinachotakiwa ni mtu wa juu. Ni leo. Nilikuwa jikoni nachochea moto. Niliacha kuchochea. Sikufungua mdomo wangu, ingawa wanaonijua hawaamini, kwa sababu maneno yangu yote nilikuwa nimeshayamaliza. Nilisikia kitanda kikilia, nikasikia akivaa viatu, na nikasikia akienda mlangoni.

"Tafuta mtu mwingine," akamwambia. "Mimi nina kazi."